Chini ya mikaratusi

Hobart, Tasmania, Australia

Ndugu yangu Mgaya,

Kamwene! Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mikono imejaa mikwaruzo. Huku kuna nyasi ziitwazo Gahnia, ndefu kukupita kimo, zenye makali kama msumeno. Ukiteleza ukazishika, umekwisha.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya kuainisha mimea msituni wakati mkaratusi ni mkaratusi tu. Huko kwenu Mufindi sikubishii: safu zimenyooka, chini majani makavu. Huku ndiko kwao. Mvunaji anatazama juu, anakadiria mbao, sisi tunainama. Kila ploti, yaani kipande cha msitu tulichokipima, tunaandika mimea yote iliyomo na kadiri inavyofunika ardhi, kisha kompyuta inakusanya ploti zinazofanana. Basi mkaratusi wa aina moja, Eucalyptus obliqua, ule ule unaukuta umesimama juu ya misitu miwili isiyojuana. Penye rutuba, chini yake kuna miti midogo ya Pomaderris na mikangaga yenye mashina, mfano wa ile tuliyoiona kule Amani, Usambara, tukiwa wanafunzi. Udongo ukiwa maskini na maji yametuama, unakuta Bauera, kichaka kilichosokotana hadi unatambaa juu yake kama mjusi.

Kinachonikosesha usingizi ni ploti 14. Juu mikaratusi mizee, chini Nothofagus, miti ya msitu wa mvua, inapanda taratibu. Miche ya mkaratusi haioti kivulini. Moto usipopita karne tatu nne, wazee wanakufa bila kuacha mtoto. Ndiyo maana wavunaji wengi hapa hufyeka eneo zima, wakachoma, wakamwaga mbegu kwa helikopta. Mikaratusi inarudi haraka, pamoja na ndugu wa miwati yenu ya Njombe (ndiyo, asili yake ni pande hizi!). Nothofagus hairudi kwa mwendo huo.

Sasa kompyuta iliiweka ploti 14 na msitu wa mvua. Nilipoondoa kwenye orodha mimea iliyoonekana mara moja tu, ikahamia kwa mikaratusi. Msimamizi wangu anasema niipeleke kundi la karibu, yaishe. Nimekataa, nimeiandika "mpito". Jina likishaingia kwenye ramani, mwenye msumeno ndiye atakayelisoma.

Nakuomba kitu kimoja. Mna kitalu cha mikaratusi ambacho hakijapaliliwa miaka mingi? Nipigie picha ya chini, siyo ya miti. Nataka kuona kimeota nini.

Wako,
Juma