Wanafunzi wa Njoro wasimuliwe habari za Vavilov

Mhariri,

Nimefundisha kilimo na biolojia katika shule za sekondari za Njoro na Molo kwa miaka 26. Kila mwaka nilimtaja Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, na njegere zake. Nikolai Vavilov, mwanasayansi Mrusi wa mimea, sikumtaja hata mara moja, kwa sababu hata mimi sikumjua hadi nilipostaafu. Jambo hilo linaniuma.

Sisi wa huku tunaijua kutu ya ngano, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Ukikatiza shamba lililoshikwa, suruali inatoka na vumbi jekundu hadi magotini, na ukilipapasa bua, kidole gumba kinabaki na rangi ya matofali. Aina iliyo kali zaidi ilionekana Uganda mwaka wa 1998, kisha ikaingia kwetu. Tangu 2005, ngano ya nchi nyingi hupandwa hapa Njoro makusudi ipatwe na kutu, ili ijulikane ipi itastahimili.

Vavilov aliifanya kazi ya namna hii Urusi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alikuwa kijana aliyetaka kujua kwa nini ngano moja inaugua na ya kando yake imesimama nzima. Akatambua kwamba mbegu za kienyeji, hasa kule mmea ulikoanzia kulimwa, zina hazina ya kinga na tabia nyingine njema. Akafunga safari kuzitafuta. Mwaka wa 1924 alikuwa Afghanistan, na 1927 alikuwa jirani zetu Ethiopia, ambako alipokelewa na Ras Tafari, yule aliyekuja kuwa Haile Selassie. Taasisi yake mjini Leningrad ilifikia kuwa na sampuli zipatazo 250,000.

Kisha akatokea mtaalamu wa kilimo Trofim Lysenko, aliyeahidi mavuno ya haraka na kuikana jenetiki, yaani sayansi ya urithi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye njaa iliyoua mamilioni, mtawala wake Stalin alitaka majibu ya upesi, na Lysenko alikuwa nayo mdomoni. Vavilov alimpinga hadharani. Tarehe 6 Agosti 1940, akiwa anakusanya mimea huko Ukraine, watu walimjia na gari wakisema anahitajika Moscow mara moja. Usiku huo wenzake walifungua mkoba wake kugawa mimea ya siku ile, wakakuta kicha cha ngano ya kale.

Kumbe alikuwa amekamatwa. Alihojiwa mamia ya mara, akashtakiwa kwa ujasusi na kuhujumu kilimo, akahukumiwa kifo. Adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Gerezani aliwafundisha wafungwa wenzake sayansi. Alikufa tarehe 26 Januari 1943, mwili umedhoofu kwa njaa, katika gereza la Saratov, mji uleule alikokuwa profesa.

Miezi hiyohiyo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Hitler. Watafiti wa taasisi yake walikaa na magunia ya nafaka na hawakula mbegu. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa njaa akiwa mlinzi wa mpunga. Nilipowasimulia wajukuu wangu habari hii, mdogo aliuliza kwa nini hakupika kikombe kimoja tu. Nilikaa kimya muda mrefu.

Mwaka wa 1948 jenetiki ilipigwa marufuku kabisa. Vavilov alisafishwa jina 1955, miaka 12 baada ya kifo chake.

Tuliokuwa vijana miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa sana. Tuliona wahadhiri wakikamatwa na kuwekwa kizuizini. Profesa Wangari Maathai, naye mwanabiolojia, alipigwa kwa kutetea miti, na ni haki kabisa watoto wetu wafundishwe habari zake. Naomba na Vavilov awekwe kando yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni ukurasa wa elimu umtengee nafasi, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoto wa kidato cha pili. Nanyi walimu wenzangu mnaoleta wanafunzi kuona ngano Njoro, wasimamisheni kando ya mabua yenye kutu, wayaguse, wavione vidole vyao, na mtaje jina lake kabla hawajapanda basi.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru