Barua kutoka Kilindoni

Kilindoni, Mafia

Shoga yangu,

Salamu zako nimezipata, nasi hatujambo. Umenichekesha kweli ulivyoandika juu ya kuhamishiwa kwetu Mafia uwe mtendaji wa kijiji: eti wilaya yenye watu 66,180, kama sensa ya 2022 ilivyotuhesabu, mtendaji wa kijiji atapata kazi gani? Najua Temeke ya Dar es Salaam peke yake mwaka huohuo ilivuka milioni moja. Wewe subiri uripoti.

Uchache wetu haupunguzi kiti hata kimoja. Mkuu wa Wilaya yupo, Katibu Tawala yupo, Mkurugenzi yupo na wakuu wa idara zake, madiwani wapo, na mbunge ni wetu wenyewe. Tofauti ni kwamba huku wakubwa utapishana nao sokoni wakichagua samaki aina ya changu, na mwenye shida yake hangoji Jumatatu.

Kinachoamua ratiba ni bahari. Kata ya Jibondo, kwa mfano, ni visiwa: Jibondo, Juani, Chole. Ukiitisha kikao cha kata bila kutazama maji, wajumbe watashuka mashuani ajenda zimekwisha. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe hadharani. Uuweke siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, uone! Kina mama wako mwambani wanachokoa pweza, na akidi huipati. Na vijiji vya kusini vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari tangu 1995, kwa hiyo aliyekamatiwa wavu ataanza kugonga kwako, hata kama wewe hukuugusa.

Mkoani ndiyo usiseme. Sisi ni Mkoa wa Pwani, makao makuu Kibaha, lakini kufika huko ni boti hadi Nyamisati, halafu Kibiti, Mkuranga, uingie Dar es Salaam, ambayo ni mkoa wa watu, ndipo utokee Kibaha. Kikao cha asubuhi moja huondoka na siku kadhaa.

Sasa nikwambie kitakachokuumiza kichwa hasa. Mwaka 2002 tulikuwa 40,801. Miaka kumi baadaye, 46,438. Ongezeko la kawaida tu. Kutoka hapo hadi 2022 tumeongezeka karibu elfu ishirini. Wengine husema ni utalii wa papa potwe, yule samaki mkubwa, wengine husema ni wageni wa uvuvi. Mimi naona vyote vimo. Ila mtalii hulala hotelini, kisha huondoka. Mvuvi wa dago anapiga kambi ufukweni, msimu ukiwa mzuri anamleta mke, na jina lake halimo kwenye daftari la kijiji. Mtoto wake akishikwa na homa, zahanati ni hiyohiyo, na dawa zilizoagizwa ni za wale walioandikwa.

Kwa hiyo ukifika usianze na mafaili. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji mpite kambi kwa kambi, muulize nani amekuja, nani amehama. Jioni, boti zikirudi, si asubuhi. Na usiende na kalamu mkononi siku ya kwanza, watadhani ni ushuru.

Barua ya uhamisho ikitoka niandikie upesi nikutafutie chumba. Ukija, niletee vitunguu. Nazi hutakosa huku.

Shoga yako,
Mama Zuhura