Wolpert hakuwa mpambaji tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze neno juu ya makala mliyochapa kuhusu mafundi wa vyombo vya ibada, ambayo ilimtaja Ludwig Wolpert kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa Myahudi aliyepamba fedha kwa maandishi. Mimi ni sonara, nimefundisha vijana kazi hii, na hilo neno "kupamba" limenikwaza.

Wolpert alizaliwa Ujerumani mwaka 1900 na kujifunza ufundi wa madini huko Frankfurt kwa Christian Dell, aliyewahi kufundisha katika karakana ya Bauhaus, ile shule ya sanaa na usanifu ya Kijerumani. Mwaka 1930 alitengeneza chombo cha karamu ya Pasaka ya Kiyahudi kwa fedha, mti mweusi na kioo, chenye matabaka ya kuwekea mikate isiyotiwa chachu, na juu yake kikombe cha divai. Ua hata moja hakulichora. Wanazi waliposhika serikali mwaka 1933 alihamia Palestina, akafundisha katika shule ya sanaa ya Bezalel mjini Jerusalem, na mwaka 1956 akaenda New York kuongoza karakana ya Tobe Pascher katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi.

Ama hayo maandishi, alipenda herufi ya Kiebrania iwe ndiyo chombo chenyewe. Asiyewahi kushika msumeno wa sonara huenda asione ugumu wake: ukishaondoa bati lote lililoyazunguka maneno, kila herufi inayobaki sharti ishikane na jirani yake au na ukingo, la sivyo itadondoka mezani. Ipo yodi, ndogo kuliko herufi zote, ambayo huning'inia juu ya mstari bila mguu. Usipoitafutia pa kushika ukiwa bado unachora kwenye karatasi, utalazimika kuilehemu baadaye, na jicho la fundi litaiona ile lehemu. Huo ni ujenzi, Mhariri, kama wa kuezeka nyumba.

Kazi ya namna hiyo hufundishwa kwa mwanafunzi kukaa ubavuni mwa mwalimu. Moshe Zabari, mzaliwa wa Jerusalem aliyesoma Bezalel, alifanya kazi na Wolpert New York na baadaye akaishika karakana ile, ingawa fedha yake yeye hupinda na kutiririka pale ambapo ya mwalimu wake ingesimama wima. Makala yenu haikumtaja kabisa.

Mkiichapa tena, naomba jina la Zabari liwekwe kando ya la Wolpert, na lile neno "kupamba" liondolewe.

Wako,
Sonara, Mombasa