Barua ya mwajiri mnauziwa ya nini?

Mhariri,

Naandika kutoka Kondele hapa Kisumu na naandika nikiwa na uchungu. Mtoto wa dada yangu ni nesi, amefanya kazi wadi miaka minne, na juzi mamake ameuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba kule Ahero wakapelekea ajenti fulani laki mbili unusu awatafutie barua ya mwajiri wa Kanada, eti bila sponsa makao ya kudumu huwezi pata. Barua ilikuja kweli, mhuri nayo iko, lakini hiyo kampuni ukipiga simu haishikwi.

Kinachoniuma hata zaidi ya pesa ni kwamba hiyo barua kijana hakuihitaji. Kanada tangu 2015 iko na mfumo unaitwa Express Entry, unajijazia mwenyewe kwa tovuti ya serikali yao na kujaza profaili ni bure. Wanaangalia umri, masomo, lugha na kazi umefanya, ukifikisha alama 67 kwa 100 unaingia, halafu huko ndani mnapangwa upya kwa alama 1,200 na wa juu ndio wanaitwa. Na tarehe 25 Machi 2025 waliondoa zile alama za ofa ya kazi kwa huo upangaji, sababu watu walikuwa wananunua na kuuza barua! Sasa mtu anakuuzia ya nini?

Sisemi ni rahisi. Utalipa mtihani wa Kiingereza, cheti chako kikaguliwe, na ukiomba peke yako unaonyesha zaidi ya dola 15,000 za huko ambazo ni zako, si za kukopa, kwa hivyo ajenti akikwambia atakuwekea pesa kwa akaunti siku mbili tatu, toroka. Lakini manesi huwa wanaitwa kwa raundi zao za watu wa afya, na wale walisoma Kifaransa sekondari wakakiacha wangekirudia tu, raundi moja ya Kifaransa hiyo Machi 2025 ilishuka mpaka alama 379 kwa zile 1,200 wakati wengine walihitaji zaidi ya 500. Australia pia iko na viza ya wenye ujuzi inaitwa 189, kuanzia alama 65 kwa hesabu yao, haiulizi mwajiri.

Mhariri, naomba gazeti lenu liandike haya mambo kwa Kiswahili, hata ukurasa mmoja kwa mwezi, kwa sababu wazazi ndio wanauza mashamba na hakuna mtu anawaelezea, ajenti ndiye anafika nyumbani kwanza.

Kijana bado hajatuma kitu. Nimemwambia ile barua asithubutu kuiweka kwa faili, ukishikwa na karatasi ya uongo Kanada wanakufungia nje miaka 5.

Mwalimu mstaafu,
Kondele, Kisumu