Barua kwa mnaosubiri nje ya ICU

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa mlio wa upande huo. Nawaandikia ninyi mnaokesha kwenye mabenchi nje ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kanga mmejitanda, simu mkononi, mkingoja ule mlango ufunguliwe. Nawaandikia pia mlioko mbali, Muscat, Dubai, Minnesota, mnaopiga simu usiku kuuliza hali ya mgonjwa na kutoa amri. Kazi yangu ilikuwa uuguzi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanyia ndani ya mlango huo. Sasa nimestaafu, ninayo nafasi ya kusema yale ambayo zamu haikuniacha niyamalize.

Nina swali moja nataka mlibebe. Daktari akiwaita pembeni na kuanza habari za mashine ya kupumulia, kabla hamjakubali wala kukataa, muulizeni: "Daktari, mgonjwa wetu ameshafariki, au yu hai ila matibabu hayamsaidii tena?" Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na familia nyingi huelezwa yote kwa maneno yaleyale, "tunafikiria kutoa mashine", halafu mtu anarudi nyumbani akiamini amemuua mumewe. Namjua mjane ambaye wifi zake walimwita "aliyemzima" mpaka arobaini ikapita. Mume yule alikuwa ameshathibitika kufa tangu siku moja kabla mkewe hajapewa karatasi ya kutia saini. Hakuna aliyewaeleza wifi zake hivyo.

Nianze na hilo la kwanza, la aliyekwisha kufariki.

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na fuvu ni mfupa, halitanuki. Kijana ameanguka na bodaboda hana kofia ngumu, au mama presha imepanda mshipa ukapasuka ndani. Ubongo unavimba na hauna pa kwenda. Shinikizo likizidi nguvu ya damu inayopanda kutoka moyoni, damu haiingii tena kichwani, na ubongo usiopata damu hufa kwa dakika chache. Huko chini, unapoungana na uti wa mgongo, ndiko kwenye shina la ubongo linaloamrisha pumzi. Likifa, mtu huyo hatavuta pumzi tena kwa nguvu zake. Lakini moyo una ngoma yake yenyewe ndani, haungoji ubongo uupigie. Mashine ikiendelea kusukuma oksijeni mapafuni, moyo unapiga, ngozi ina joto, mkojo unaingia kwenye mfuko. Ndiyo maana mnaingia, mnamshika mkono, mnaona una moto, na maneno ya daktari yanakataa kuingia. Siwalaumu hata kidogo.

Babu zetu hawakuwa na tatizo hili, maana pumzi ikikatika moyo nao ulifuata. Mashine ndizo zilizovitenganisha. Mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu, usiku na mchana, wakibana mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa wapumue. Huko ndiko ICU zilikotokea, na watu wengi walipona. Kisha mwaka 1959 madaktari wawili wa Paris, Mollaret na Goulon, wakaeleza habari za wagonjwa walioko kwenye mashine ambao walikuwa wameivuka hata koma yenyewe, ule usingizi mzito wa mgonjwa asiyeamshika: hawana pumzi yao, hawaitikii lolote, ubongo kimya kabisa. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikaweka masharti ya kukitambua kifo cha namna hiyo, kifo cha ubongo.

Nayataja kwa sababu kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu, ati kifo cha ubongo kilibuniwa ili watu wanyofolewe figo na mioyo. Moyo wa kwanza wa mtu kupandikizwa mtu mwingine ulikuwa Cape Town, Desemba 1967, mkononi mwa Christiaan Barnard. Watu wa Paris walikuwa wameshaandika miaka 8 nyuma. Sitawaficha kwamba mambo ya upandikizaji nayo yalikuwa kwenye akili za ile kamati ya Harvard, waliandika wenyewe. Ndiyo sababu kanuni inataka wanaopima kifo wasiwe wale wanaopandikiza viungo. Mkiwa na shaka, ulizeni nani amempima mtu wenu. Daktari muungwana hakasiriki.

Sasa vipimo vyenyewe, maana mengi ya mashaka yenu yangetulia kama mngevijua. Kwanza sababu lazima ijulikane: picha ya CT imeonyesha damu, au uvimbe. Pili, yaondolewe yote yanayoweza kumdanganya daktari: mwili uliopoa, dawa za usingizi, dawa za kulegeza misuli, sukari iliyoshuka, chumvi za damu zilizovurugika. Mtu aliyejaa dawa ya usingizi anaweza kuonekana kama maiti naye yu hai. Hapo ndipo pa kuuliza bila aibu: "Dawa ya usingizi ya mwisho alipewa lini, na imeshatoka mwilini?"

Kisha daktari anamulika tochi kwenye mboni. Mboni ya aliye hai husinyaa, hii imebaki wazi, haina habari. Anagusa kioo cha jicho kwa ncha ya pamba, kope halipepesi. Anabonyeza kwa kidole gumba ule mfupa wa juu ya jicho, na uso haukunjiki. Muuguzi anashikilia kope, daktari anapitisha maji ya barafu sikioni kwa bomba la sindano, taratibu, kama mililita 50. Aliye kwenye koma lakini shina la ubongo lake lina uhai, macho husogea. Mrija unateremshwa hadi kwenye njia ya mapafu, hakohoi.

Kipimo cha mwisho ni cha pumzi, nacho ndicho kizito kukitazama. Mgonjwa hujazwa oksijeni kwanza, kisha mashine huachanishwa, huku oksijeni ikiendelea kuingia kwa mrija mwembamba ili moyo usidhurike. Shuka linafunuliwa kifuani. Tunasimama tukitazama kifua na tumbo, hakuna anayezungumza, saa ya ukutani tu inasikika. Dakika 8, dakika 10. Hewa ya kaboni inapanda kwenye damu, na hewa hiyo ndiyo inayomlazimisha binadamu kuvuta pumzi. Jibaneni pumzi mtaijua. Damu inachotwa na kupimwa: hewa hiyo ikifika 60 kwa kipimo chao, au ikipanda kwa 20 kutoka ilipoanzia, na kifua hakijainuka hata kidogo, basi. Wapo madaktari wasiopenda ndugu washuhudie. Mimi niko upande wa wanaoruhusu, kwa anayetaka. Mjomba mmoja aliyesimama pale akaona kwa macho yake atawaeleza walioko benchini wakamwelewa kuliko bingwa yeyote.

Na kama hospitali haina mashine ya kupima hewa za damu, na zipo nyingi zisizo nayo, ulizeni wamejuaje. Mara nyingi jibu la kweli litakuwa kwamba hawajathibitisha kifo. Wanaona tu kwamba hatapona. Hilo ni lile jambo la pili, na walitaje kwa jina lake.

Kuna la kutisha ambalo heri mlisikie kwangu. Ubongo ukifa, uti wa mgongo unaweza kubaki ukifanya vijimambo vyake peke yake. Kidole kinacheza, mguu unashtuka, hata mikono yote miwili inaweza kunyanyuka hadi kifuani na kurudi kitandani, hasa mashine inapotolewa. Madaktari wanaiita dalili ya Lazaro, yule aliyefufuliwa na Yesu, jina ambalo mimi sikulipenda kamwe, maana linaahidi lisilokuwepo. Nimeona ndugu wakipiga vigelegele kwa mkono ule. Wauguzi vijana, kama mnaisoma barua hii, waambieni ndugu mapema. Msingoje mkono uinuke ndipo muanze kueleza.

Mtaniambia daktari si Mungu. Si Mungu, kweli. Na wapo walioamka baada ya majuma, lakini hao walikuwa kwenye koma, au uvumi wa kifo ulitangulia vipimo. Kuna kesi moja mtakayotajiwa, ya Jahi McMath, msichana wa miaka 13 wa Oakland, Marekani. Desemba 2013 alifanyiwa upasuaji wa koo, akavuja damu, akatangazwa kuwa ubongo umekufa. Mama yake alikataa, akamhamishia jimbo la New Jersey, ambako sheria inamruhusu mtu kukataa kifo cha ubongo kwa sababu ya dini. Mwili ule ulitunzwa kwa mashine mpaka Juni 2018, moyo ukasimama. Ana vyeti viwili vya kifo. Familia ilisema alikuwa akisogeza vidole akiambiwa, na wapo wataalamu waliowaunga mkono. Wengine walikataa katakata. Hakuamka, hakuzungumza. Mimi simhukumu yule mama. Ila ninyi mnaouza shamba, jiulizeni mnauza ili kununua nini.

Haya, la pili. Mzee kansa imeenea kila mahali, au kiharusi kimeharibu sehemu kubwa ya ubongo lakini akitolewa mrija anakohoa. Huyo yu hai. Karen Ann Quinlan, msichana wa New Jersey hiyohiyo, alizimia mwaka 1975 asiamke tena. Wazazi wake, Wakatoliki wa dhati, waliomba mashine itolewe, na mwaka 1976 mahakama ikawaruhusu. Mashine ikatolewa, akapumua mwenyewe, akaishi bila kujitambua hadi 1985. Shina la ubongo wake halikuwa limekufa. Hapo kulikuwa na uamuzi wa kufanya, na uamuzi unauma kwa namna yake.

Kwa mtu kama huyo acheni kubishana mnataka nini ninyi. Aliwahi kusema nini yeye? Alipomwona jirani amelala miaka kitandani, alitamka neno gani? Kutoa mashine kwake hakumaanishi kumtupa: morfini ya maumivu inaendelea, anageuzwa, midomo inalowanishwa, mtu anakaa naye. Na mkitaka muda, ombeni jaribio la siku kadhaa, mkubaliane mapema mtaangalia dalili zipi.

Kuhusu dini, msiwaache watu wakawatishe. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kuendeleza uhai, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alikubali kwamba ubongo wote ukiwa umekufa bila kurudi, hiyo ni dalili tosha ya kifo. Kwa sisi Waislamu, baraza la kimataifa la fiqhi, yaani la sheria za dini yetu, lililokaa Amman mwaka 1986 lilipitisha kwamba kazi zote za ubongo zikikoma bila kurejea, na madaktari wajuzi wakathibitisha, mtu amekufa kisheria na inajuzu kuondoa mashine. Mwaka uliofuata baraza la fiqhi la Makka likasema mashine ziondolewe wakithibitisha madaktari bingwa 3, lakini hukumu ya kifo ingoje moyo na pumzi visimame. Tofauti yao inagusa saa ya kifo. Juu ya kuondoa mashine wamekutana.

Nyumbani sasa. Chagueni mmoja wa kusema na daktari, awe ndiye aliyekuwa akiishi na mgonjwa, na mmoja wa kumsindikiza ili wasikie wawili. Wa ng'ambo wapigiwe wakati wa kikao, simu iwekwe sauti mezani, waulize maswali yao kwa daktari mwenyewe badala ya kumfokea wifi yao saa 8 za usiku. Habari za bili si dhambi kuzizungumza, ila zizungumzwe siku nyingine, ofisi nyingine, na mtu mwingine. Mkizichanganya na kikao kile, kila mtu baadaye atasema ndugu alikufa kwa kukosa pesa. Kama amethibitika kufariki, msikubali mke au mtoto aulizwe "mnaruhusu tumzime?" Hospitali iseme yenyewe kwamba amefariki saa fulani. Mnachoombwa ninyi ni lini muwe tayari kumuaga.

Siku hiyo ombeni pazia livutwe na kengele za monita zizimwe. Asiyetaka kubaki atoke, asisimangwe. Mashine ikitolewa, moyo unaweza kuendelea dakika kadhaa kabla ya kusimama, na uso utabadilika rangi. Semeni naye, someni Yasini au rozari.

Kabla hamjaondoka, muulizeni daktari ameandika saa ipi ya kifo: ya kipimo cha pumzi, au ya moyo kusimama. Kati yake panaweza kupita siku nzima. Mjane ataanza kuhesabu eda yake, miezi 4 na siku 10, kutoka saa mojawapo ya hizo, na kama baba na mwana wamepata ajali moja, urithi nao unategemea nani alitangulia. Mpelekeeni shehe saa zote mbili.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga