Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: Mhunzi Yuko Wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu kabati la panga. Kila upanga una kibao chake: ulikotoka, karne yake, vita au mfalme. Watu husimama, hujiuliza umeua wangapi, wakaenda zao. Aliyeufua hatajwi. Hilo linaniuma, na naomba lirekebishwe.

Chukua upanga wa Kijapani. Kabla ya kuutosa majini, mhunzi huupaka udongo, mwembamba kwenye makali, mzito mgongoni. Huupasha moto mpaka rangi ya chuma imridhishe, kisha huuzamisha kwa mara moja. Makali hupoa upesi yakawa magumu. Mgongo hupoa taratibu, ukabaki na unyumbufu wa kuhimili pigo. Ni hapo upanga unapozidi kupinda, na ni hapo unapoweza kupasuka na kazi yote ikapotea. Ule mstari wa mawimbi kando ya makali umetokana na udongo huo. Mgeni asipoelezwa ataudhani pambo tu.

Tena wahunzi wengi wa Japani walichora majina yao kwenye shina la upanga, sehemu inayofichwa na mpini. Jina lipo, Mheshimiwa! Picha moja ya shina hilo ingetosha kulionyesha.

Mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Upanga wa Goujian, uliofukuliwa Hubei, China, mwaka 1965, ulikutwa bado una makali baada ya miaka zaidi ya 2,000. Maandishi yake yanamtaja Goujian mwenyewe, mfalme wa Yue, dola ya kale ya China. Aliyechanganya shaba na bati kwa ustadi ule hakuandikwa.

Feleji, ile pua bora ya kufulia panga, nayo ilidhulumiwa. Mafundi wa kusini mwa India na Sri Lanka waliyeyusha chuma ndani ya vyungu vya udongo vilivyozibwa. Vipande vya feleji hiyo vilisafirishwa hadi Mashariki ya Kati, vikafuliwa panga zenye michirizi kama maji yanayotiririka, na sifa zote zikabebwa na jina la Damascus. Kibao kinachotaja Damascus peke yake kimewaacha nje waliokaa mbele ya tanuri.

Hata panga za Afrika, takouba za Watuareg na kaskara za Sudan, haziingii katika kibao cha nchi moja. Nyingi zilitengenezwa kwa bamba kutoka Ulaya, mengine yakitoka Solingen, Ujerumani, kisha mafundi wa huko wakazitia vipini na ala kwa namna yao. Upanga mmoja, mikono ya mabara mawili.

Ninachoomba ni mistari miwili zaidi kwenye kila kibao: chuma kilitoka wapi, na nani alikifua. Jina likikosekana, andikeni wazi kwamba mhunzi hajulikani, mahali palepale mnapoandika jina la mfalme.

Wasalaam,
Mpenzi wa kazi za uhunzi