Baiskeli yangu haina cc

Mhariri,

Nasambaza mikate kwa baiskeli ya umeme, kutoka Lanet hadi madukani mjini Nakuru. Juzi askari wa trafiki alinisimamisha, akainama, akaigonga kwa rungu ile mota iliyo katikati ya gurudumu la nyuma. "Hii ni ya cc ngapi?" Nikamwambia haina injini ya petroli ya kupimwa kwa cc, afande, inatumia betri. "Basi namba yake iko wapi?" Nikamwonyesha kwamba nikiacha kukanyaga pedali, mota nayo hunyamaza. Tulivutana karibu saa nzima, mikate ikipigwa jua.

Simlaumu sana. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hukihesabu kuwa gari chombo chochote kinachoendeshwa kwa mashine. Ukiisoma hivyo, mimi na lori tumo kapu moja: usajili, bima, leseni. Nilipokwenda kuuliza bima, nikadaiwa logbuku, ile hati ya usajili wa gari. Logbuku ya baiskeli! Na leseni ya chini kabisa ya pikipiki, A1, imepimwa kwa cc, mwisho 50. Ajabu ni kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilizipunguzia baiskeli hizihizi kodi ya mauzo, VAT, hadi sufuri, ili tuzinunue.

Dawa imo humohumo katika Sura ya 403, kwenye maana ya neno "gari": kanuni zinaweza kutangaza kwamba aina fulani ya vyombo si magari. Hakuna haja ya kungojea mswada Bungeni. Nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu kuwa baiskeli ile yenye mota isiyozidi wati 250, inayosaidia tu ukikanyaga, na kujikata ukifika kilomita 25 kwa saa. Hiyo kasi tuichukue kama ilivyo. Wati tuziongeze kidogo. Anayepanda mlima na madumu ya maziwa hatafika kwa 250.

Zile unazozungusha mpini zikakimbia zenyewe sizitetei. Hizo ni pikipiki zilizovaa pedali. Hupita kimya pale mtaani Section 58, mama na mtoto wake wakashtukia ziko begani. Zipewe namba, na anayeziendesha awe na leseni na helmeti.

Kanuni ikitoka, ichapishwe kwa Kiswahili pia. Nakala yangu nitaikunja niifunge chini ya kiti, afande akiinama tena aikute hapo.

Msambazaji mikate,
Nakuru